Ng'ombe wa Kogo, Sungura wa Binti na Gunia la Lusina

Katika boma letu, huku Konoin kwenye Kaunti ya Bomet, sheria aliiweka mama mkwe wangu kabla mimi sijaolewa: ng'ombe akishakula, watu watakula. Watoto humwita Kogo kama bibi yeyote wa Kikipsigis, nami kwa kuishi naye nimezoea kumwita hivyo hivyo. Kila alfajiri, kabla chai haijachemka, yeye yuko zizini na ndoo. Humtazama ng'ombe masikio tu akajua ameamkaje. Maziwa yakipungua hata kwa kikombe kimoja nyumba nzima itajua, kwa sababu kibuyu cha mursik hakitajaa, na kibuyu kisipojaa Kogo hukaa mlangoni akiwa kimya mpaka mtu aulize kulikoni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku binti yetu wa kati aliporudi kutoka shuleni amekumbatia katoni lenye sungura jike.

Mtaala wa siku hizi unawataka watoto wa shule za msingi wajifunze kufuga wanyama wadogo, na vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021 baada ya kulala miaka mingi. Binti yetu alikuwa amempa rafiki yake tembe wa kuku, akapewa sungura. Dume alifuata baadaye kutoka kwa mjomba wake wa Litein. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi tu, na akizaa huzaa wengi, kwa hiyo haukupita muda baba watoto akawa amejenga safu ya vizimba vya mbao za mkaratusi na waya nyuma ya jiko, upande usiopigwa na upepo. Kogo alipita, akachungulia, akasema, "Hao ni wanyama wa watoto. Mtu mzima akihesabu mali hahesabu sungura."

Mwanzoni sungura walikula wanachokula sungura wengi huku kwetu: majani ya kabichi, sukuma wiki iliyotobolewa na wadudu, magugu ya kwenye mahindi. Jike alipoanza kunyonyesha akakonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika kwa vidole. Watoto wake wakawa na vichwa vikubwa na miili myembamba. Mwalimu wa kilimo akamweleza binti kwamba jike anayenyonyesha na watoto wanaokua wanataka chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Nyasi za nepia tunazomkatia ng'ombe, hata zikikatwa zingali changa, mara nyingi hazifiki asilimia 10. Wanga upo shambani kwetu tele, na maji hayajawahi kutupungukia. Kinachokosekana ni protini, na protini ndiyo inayouzwa kwa magunia.

Nao ni ununuzi wa kutoa jasho. Watu wa chai wanajua: majani yanachumwa tangu asubuhi, yanabebwa mgongoni hadi kituo cha kununulia, yanapimwa, na malipo ya mwezi yakiingia yanakuta deni la agroveti limeshatangulia. Chakula cha ng'ombe wa maziwa, lile gunia la kilo 70, kilipanda bei vibaya mwaka 2021 na 2022. Kenya hailimi soya na alizeti za kutosheleza viwanda vyake vya malisho. Soya na mashudu huletwa kutoka Uganda, Tanzania na Zambia, na huko kukitokea upungufu au mpaka ukifungwa, mama wa Konoin huambiwa bei mpya dukani. Omena wa Ziwa Victoria nao wanagombewa na sufuria ya binadamu na mashine ya kusaga chakula cha kuku. Peleti za sungura zilikuwa ghali zaidi, na agroveti haikuwa nazo kila mara.

Binti alitatua tatizo hilo kimyakimya. Kila asubuhi Kogo alipokwenda kumwaga maji, binti alichota kikombe kutoka kwenye gunia la ng'ombe akakimbia nyuma ya jiko. Sungura wakaanza kung'aa. Ng'ombe akapunguza maziwa. Kogo hakuuliza mtu. Alichukua gorogoro lake, akapima kilichobaki guniani, akahesabu siku kwa vidole, kisha akaita kikao jikoni. Kesi ilisikilizwa mpaka moto ukafifia. Binti alijitetea kwamba sungura wake wananyonyesha kama ng'ombe anavyonyonyesha, na Kogo akajibu kwamba ng'ombe huyo ndiye aliyemlipia baba yake karo. Hukumu ikawa gunia lihamie chumbani kwa Kogo, likakae kati ya kitanda na ukuta, na huko likakaa.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia kutusaidia.

Shemeji anafanya kazi ya miwa Muhoroni, chini kule kwenye joto. Mji huo hauko mbali nasi sana, ila ni dunia nyingine: sisi tunavaa sweta, wao wanalala madirisha wazi. Alikuja na gunia limejaa matawi ya lusina, majani madogo madogo kama ya mkakaya, mabichi kabisa. "Hii hapa ni protini tupu," akasema. "Watu wa chini wanalishia mbuzi na ng'ombe. Mnanunua magunia ya nini?" Hakusema uongo. Majani ya lusina yana protini inayozidi asilimia 20, na ulimwenguni ni mojawapo ya miti ya malisho inayojulikana zaidi. Ulitoka Meksiko na Amerika ya Kati ukaenea kila penye joto. Ng'ombe wa Kogo aliyakimbilia. Mbuzi waliyamaliza na maganda. Sungura waliyala kwa pupa ambayo hatukuwahi kuiona, na kwa kuwa hayakuwa yakilipiwa, binti aliwajazia vizimba asubuhi na jioni. Shemeji akawa anatuma gunia jingine kila apatapo boda boda au lori la kupanda huku.

Manyoya yalianza kutoka mgongoni. Binti aliposhika jike ili amweke kwenye nyasi safi, kiganja kikabaki na nywele. Siku chache baadaye kulikuwa na mabaka matupu ubavuni, kisha kwenye mapaja, na ngozi ya waridi ikaonekana katika baridi yetu ya Julai inayowafanya hata wachumaji wazima wawashe moto wakitoka shambani. Jirani mmoja alisema ni upele. Tukanunua dawa ya upele, wakadungwa sindano, na manyoya yakaendelea kudondoka. Mwingine alisema ni panya wanaowanyofoa usiku, kwa hiyo baba watoto akatia waya mwembamba zaidi. Binti alishona vijikoti kutokana na sweta kuukuu la shule na kuwavalisha wadogo, nao wakavitafuna. Alikuwa akilia akienda shule na akilia akirudi. Kogo, ambaye alikuwa hajavigusa vizimba hivyo tangu vijengwe, nilimkuta jioni moja akivifunika kwa gunia tupu ili upepo usipenye.

Afisa wa mifugo wa wadi alipopatikana hakumshika sungura kwanza. Aliuliza, "Wamekula nini?" Akaonyeshwa gunia. Akachukua tawi, akalikunja, akaguna.

Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Ikiingia katika damu huzuia unywele kukua kwenye shina lake, na mnyama hunyonyoka. Farasi hupoteza singa na mkia kwa kuila. Nguruwe na sungura nao haiwafai ikizidi. Tulichoshindwa kuelewa ni kwa nini mbuzi waliokula gunia lile lile walikuwa wazima, na ng'ombe alikuwa ameongeza maziwa. Kogo ndiye aliyeuliza swali hilo, amesimama na fimbo yake, na nakumbuka afisa alivyoacha kuandika ili amjibu vizuri.

Akaeleza kwamba mnyama anayecheua ana tumbo kubwa mbele, na ndani yake wamejaa vijidudu wasiohesabika ambao hukutana na kila jani kabla mwili wa mnyama haujalinyonya. Baadhi ya vijidudu hao huivunja mimosini, wengine huvunja mabaki yake. Hata ng'ombe hana uhakika, kwa maana si kila mahali vijidudu hao wapo. Huko Australia wafugaji waliopanda lusina walikuwa wakiona ng'ombe wao wanadhoofika na kuvimba koo, ilhali mbuzi wa Hawaii walikuwa wakiila bila madhara. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, akafuatilia jambo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu kutoka kwenye matumbo ya mbuzi wa Hawaii vikahamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, wakapona. Kijidudu chenyewe kilipewa jina la kitaalamu mwaka 1992, Synergistes jonesii, kwa heshima yake.

Sungura hana tumbo hilo la mbele. Kwake kila kitu hupita kwenye utumbo mwembamba kwanza, ambako sumu hunyonywa pamoja na chakula, na vijidudu wake wanakaa nyuma kabisa, kwenye kifuko kikubwa kinachofuata. Msaada humfikia sumu ikiwa imeshaingia mwilini. Afisa alisema majani hayo yakilowekwa au kupashwa moto mkali sumu hupungua, ila kwa mtoto wa shule mwenye vizimba nyuma ya jiko ni heri kuacha. Tukaacha. Manyoya yakarudi, laini kuliko ya mwanzo, na vijikoti vikawa matambara ya jikoni.

Kisa cha kifuko hicho cha nyuma hakikuisha hapo. Usiku mmoja kitindamimba wetu alitoka nje na tochi akarudi mbio akipiga kelele kwamba sungura wanakula mavi. Nyumba ikafadhaika. Baba watoto alisema wametiwa njaa, binti akasema si njaa, amewalisha mwenyewe. Kogo aliamua kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayekula nyama ya mnyama wa namna hiyo. Asubuhi binti alimuuliza mwalimu, na akarudi na maelezo ambayo ningependa kila mzazi ayajue kabla mtoto hajaletewa sungura.

Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kile kigumu cha mviringo tunachokiona chini ya kizimba ni kweli taka. Kingine ni laini, kimefungamana kama kishada na kina utando unaong'aa, na sungura hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kutoka mwilini, ametulia, mara nyingi usiku au alfajiri. Ndani yake mna protini na vitamini za jamii ya B zilizotengenezwa na vijidudu wa kile kifuko cha nyuma. Kwa kuwa kifuko kiko baada ya utumbo unaonyonya chakula, njia ya kufaidi protini na vitamini hizo ni kukila tena. Ng'ombe hucheua, sungura hurudia. Sungura anayezuiwa kufanya hivyo hupungukiwa na virutubisho, na sungura anayeonekana akifanya hivyo ni mzima.

Kogo hakuamini mpaka Krismasi, dume mmoja alipochinjwa. Yeye amepasua mbuzi na kondoo maisha yake yote na anajua kila mfuko kwa jina lake. Aliomba apewe matumbo yale kabla hayajatupwa, akayanyoosha kwenye jani la mgomba. Akaliona tumbo dogo, jembamba, la mbele. Akaona utumbo. Akakifikia kifuko cha nyuma, kikubwa kuliko tumbo lenyewe, kimejaa uji wa kijani. Akakishika kwa muda. "Kumbe ana tumbo la mbuzi, lakini limewekwa nyuma," akasema, na tangu siku hiyo akawa anawauliza habari zao kila asubuhi. Nyama hakula.

Tukabaki na tatizo la protini. Shemeji alikuwa ametuletea pia miche ya lusina, na baba watoto aliipanda ukingoni mwa shamba kabla ya yale mambo ya manyoya. Ilisimama pale ikiwa na majani ya manjano, haiendi juu wala haifi. Kitalu cha luseni (alfalfa) nacho, ambacho alikinunulia mbegu ya bei, kilichipua vizuri kisha kikadhoofika. Udongo wetu ni wa chai. Chai hustawi penye uchachu, kiwango cha pH cha 4.5 hadi 5.6 hivi, na luseni inataka karibu 6.5 au zaidi. Lusina pia haipatani na udongo chachu, wala na baridi ya miinuko. Tungelazimika kutia chokaa nyingi, na mahali palipotiwa chokaa chai hailali salama. Hayo yote yangeweza kujulikana kwa kupima udongo kabla ya kununua mbegu.

Mti uliotufaa ni kaliandra. Huu nao asili yake ni Amerika ya Kati. Ulipelekwa kisiwa cha Java kutoka Guatemala mwaka 1936, na hapa Kenya ulijulikana kwa wafugaji zaidi katika miaka ya 1990, pale watafiti wa taasisi za kilimo, misitu na kilimo mseto walipofanya kazi na wafugaji wadogo wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, watu wenye chai na kahawa na ng'ombe mmoja au wawili kama sisi. Matokeo yao ni rahisi kushika hata kwa asiyejua kusoma: kilo 3 za kaliandra mbichi humpa ng'ombe wa maziwa faida inayokaribia ya kilo 1 ya chakula cha gunia. Unavumilia udongo chachu. Hukatwa ukachipua. Maua yake mekundu yenye nyuzi ndefu hupendwa na nyuki. Miti 500 inatosha kumlisha ng'ombe mmoja mwaka mzima.

Miti 500 ilimtisha baba watoto, kwa maana mkulima wa chai huhesabu mashina yake kama watoto, na hakuwa tayari kung'oa hata moja. Tukakaa tukapiga hesabu kwenye daftari la binti. Ukipanda kwa nafasi ya nusu mita, miti 500 inachukua mita 250. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi. Ua wa ekari moja tu unatosha, na chai haiguswi. Alinyamaza, akachukua kamba akaenda kupima mpaka.

Mbegu tulizipata kwa kikundi cha akina mama chenye kitalu, tukaziloweka siku mbili katika maji baridi, tukazisia. Mvua za masika zilipoanza tukahamishia miche mpakani na kwenye kingo za matuta. Mvua ya mawe ikaja Mei. Anayeishi Kericho na Bomet haelezwi mvua ya mawe: ilichana majani yote, ya chai na ya kaliandra, ikaacha vijiti. Chai ilikaa wiki nyingi ikijikusanya. Kaliandra ilichipua upesi. Kisha mbuzi wa jirani wakaingia kupitia pengo la chini na wakaonyesha kwa vitendo kwamba malisho ni matamu kweli. Jirani alikuja mwenyewe kuomba radhi, akasaidia kuziba pengo kwa miiba, na alipoondoka alikuwa na mfuko wa mbegu.

Karibu mwaka ulipita kabla ya mkato wa kwanza. Mti hukatwa ukiachwa kimo cha mita 1 hivi, na mvua ikiwapo huwa tayari tena baada ya miezi miwili hivi. Kogo hakukubali kuambiwa habari za Embu. Alipima mwenyewe. Alipunguza gorogoro la chakula cha gunia asubuhi, akaweka mzigo wa kaliandra uliopimwa kwenye mizani ya kupimia chai, na jioni akatazama ndoo. Ng'ombe alinusa, akageuka, akarudi, akala kidogo. Baada ya siku kadhaa akawa analia akiwaona watoto wakitoka mpakani na matawi. Maziwa hayakushuka. Kibuyu kilijaa. Gunia likaanza kudumu muda mrefu kati ya kitanda na ukuta, na Kogo akatangaza kwamba ua wote ni wa ng'ombe.

Hapo ugomvi ukazaliwa upya, safari hii juu ya majani badala ya gunia. Binti alitaka fungu lake. Ukweli ni kwamba hapa Kogo alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Kaliandra ina tanini nyingi, jamii ya vile vitu vinavyoipa chai ya rangi ule ukali wa ulimi, na tanini hushikana na protini. Kwa ng'ombe jambo hilo lina nafuu yake ikiwa majani ni sehemu tu ya mlo. Kwa sungura ni busara kumpa kidogo, yakichanganywa na mengine. Mapatano yakawa kwamba binti atachukua vichipukizi laini vya mti wa mwisho kila kona. Baba watoto naye alijaribu kuanika kaliandra kwenye turubai ili aweke akiba ya kiangazi cha Januari, na ng'ombe akaikataa. Inapendekezwa ilishwe mbichi, siku ile ile iliyokatwa.

Kitu kilichotuumiza kuliko manyoya ni maparachichi. Bomet yote imepandwa maparachichi, na kitindamimba, ambaye alikuwa amewaona wakubwa wakileta majani ya miti na wote wakifurahi, alileta lake. Alivunja tawi la mparachichi lililo karibu na choo akaligawa vizimba viwili vya mwanzo. Majani ya mparachichi yana sumu iitwayo persini, inayodhuru moyo, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika sana. Mbuzi na farasi pia huathirika. Kulipokucha jike la kwanza, lile la kwenye katoni, lilikuwa limekufa, na jingine likafuata mchana. Hatukumkemea mtoto. Binti alimchukua kwa mkono wakaenda kuzika pamoja, na baba watoto akakata matawi yote ya mparachichi yanayofikiwa kwa mkono wa mtoto.

Kuanzia hapo tuliandika. Ubaoni nyuma ya jiko kuna orodha kwa mkaa, na hakuna jani linaloingia kizimbani ambalo halimo. Nyasi kavu ndiyo ya kwanza, kwa sababu sungura asiyepata nyuzinyuzi za kutosha huharisha na kufa hata akishibishwa protini. Mashina ya viazi vitamu yamo, yakiwa yamenyaushwa kivulini angalau tangu jana yake, kwa maana yakiliwa na umande huwaharisha watoto waliotoka kuachishwa. Mchunga umo. Mforosadi umo, na laiti ningeujua mapema ningeupanda kwanza: majani yake yana protini nyingi, sungura huyapenda, na hayana sumu ya kutukosesha usingizi. Desmodiamu imo pia, hiyo inayotambaa na kunata kwenye nguo. Tumeipanda katikati ya nepia na mahindi, kwa mfano wa kilimo cha sukuma-vuta kilichopelekwa kwa wakulima mwaka 1997 na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, ambapo desmodiamu hufukuza nondo wa vipekecha-shina na kukomesha kiduha, na nepia ya ukingoni huwavuta. Sisi tunaipenda kwa sababu moja zaidi: ng'ombe anaila, mbuzi anaila, sungura anaila, na hakuna anayepeleka kesi jikoni.

Sungura si biashara kubwa kwetu. Wengi wamepoteza pesa Kenya kwa kuahidiwa soko lisilokuwepo, na sitamshawishi mtu. Ila nyama ipo nyumbani bila kwenda buchani, mbolea ipo, na mkojo wake unanyunyiziwa mboga. Gunia la ng'ombe bado tunalinunua, mara chache zaidi, kwa sababu ng'ombe anayekamuliwa sana hawezi kutegemea majani peke yake.

Ombi langu ni kwa walimu wa vilabu vya 4K na maafisa wa mifugo wa wadi: mtoto anapokabidhiwa sungura, akabidhiwe pia karatasi ya majani, yanayofaa upande mmoja na yanayoua upande wa pili, na mparachichi uandikwe wa kwanza. Na wewe mwenye ekari yako ya chai na ng'ombe mmoja, usingoje bei ya gunia ishuke. Pima udongo, pima mpaka wako kwa kamba, kisha tafuta mbegu ya kaliandra kabla ya masika. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, huuza mbegu za miti, na ina kituo Londiani, hapo jirani Kericho.